Alifu kwa Kijiti: Utangulizi wa Kusoma Miaka ya Mwanzo ya Mchoraji

Mtu asiyejua kusoma hata kidogo, watu wa pwani husema hajui alifu kwa kijiti. Alifu ndiyo herufi ya kwanza anayofunzwa mtoto katika chuo cha Kurani: mstari mmoja uliosimama, hauna tumbo, hauna mkia, hauna nukta. Ukikiweka kijiti kando yake, ni pacha wake. Aliyebuni msemo huo alikuwa na jicho. Aliona kwamba herufi, kabla ya kuwa sauti, ni umbo, na kwamba mtoto anayekokota alifu yake ya kwanza ubaoni anachora, hata kama mwalimu wake atakwambia anasoma.

Mchoraji nitakayetembea naye zaidi katika utangulizi huu, Ibrahim El-Salahi wa Sudan, alianza na alifu hiyo hiyo. Aliiacha, akaenda kusomea sanaa ughaibuni, akarudi kwao na picha ambazo watu wake hawakuzitaka, ndipo akairudia. Nimemchagua yeye kati ya wengi kwa sababu maisha yake yanadhihirisha jambo ninalolishikilia kila mwaka mbele ya wanafunzi wapya: mkono wa mchoraji hufunzwa mapema sana, na wanaoufunza mara nyingi si watu wa sanaa. Shule huja baadaye. Anayeutafuta mwanzo wa mchoraji ndani ya cheti chake ataukosa.

Karibu, basi. Uwanja huu wa kuchunguza utoto na ujana wa wachoraji wa kisasa ni shamba kubwa lenye wakulima wachache, hasa upande wetu wa Afrika. Hauhitaji kujua kuchora. Unahitaji subira, macho, na masikio ya kuwasikiliza wazee. Unahitaji pia kujihadhari na hadithi moja tamu, ambayo lazima niieleze kabla hatujafika Omdurman.

Mwaka 1550 Giorgio Vasari, mchoraji na mwandishi wa Italia, alichapisha kitabu kikubwa cha maisha ya wasanii. Humo anasimulia jinsi Giotto, alipokuwa mtoto mchungaji, alivyomchora kondoo wake juu ya mwamba kwa jiwe lenye ncha. Bingwa Cimabue akapita njia, akastaajabu, akamwomba baba wa mtoto ruhusa ya kumchukua akamfunze. Karibu miaka mia nne baadaye, mwaka 1934, wanazuoni wawili wa Vienna, Ernst Kris na Otto Kurz, walichapisha kitabu kilichoonyesha kwamba kisa hicho, kwa sura hii au ile, kimesimuliwa kuhusu wasanii wengi wa nchi na zama mbalimbali. Kisa kinachomfaa kila mtu hakiwezi kuwa kumbukumbu ya mtu mmoja. Ni ngano: mtoto fukara, kipaji kilichoshuka kutoka mbinguni, bwana mkubwa anayepita njia.

Huku kwetu bwana mkubwa huwa Mzungu, na mwamba huwa ukuta wa jikoni uliochorwa kwa mkaa. Utaikuta ngano hiyo katika vijitabu vya maonyesho, katika magazeti, na hata vinywani mwa wachoraji wenyewe, maana mtu akiulizwa mara mia alianzaje, mwishowe hutoa jibu ambalo waulizaji wanalipenda. Sisemi kwamba ni uongo kila mahali. Watoto huchora ukutani kwa mkaa, nani asiyejua? Lakini huchora karibu wote, na wanaokuja kuwa wachoraji ni wachache, kwa hiyo mkaa peke yake hautuelezi kitu. Kinachoniuma zaidi ni watu ambao ngano hii inawafuta. Inamfuta mama, inamfuta mwalimu wa chuo, inamfuta seremala, msusi wa mikeka na mchonga milango, wote ambao mtoto aliwatazama wakifanya kazi ya mikono kabla hajalisikia neno sanaa. Kuwarudisha watu hao ndiyo kazi tunayokualika kuifanya.

El-Salahi alizaliwa mwaka 1930 Omdurman, mji unaotazamana na Khartoum pale Nili Nyeupe na Nili ya Buluu zinapokutana. Baba yake alikuwa mwalimu wa dini mwenye khalwa, yaani chuo cha Kurani, na mtoto akaanza kusoma humo angali mdogo sana. Msomaji wa Lamu, Pemba au Kilwa hahitaji kuelezwa kwa kirefu khalwa ikoje. Kuna ubao wa mti ulioparuzwa ukalainika. Kuna kalamu ya mtete iliyochongwa ncha kwa kisu. Kuna wino mweusi wa masizi uliochanganywa na gundi ya mgunga, gundi ambayo Sudan imeiuzia dunia kwa karne nyingi. Mtoto anaandika aya zake, anazikariri kwa sauti, na akishazihifadhi ubao unaoshwa, unaanikwa, unaandikwa upya. Maji yaliyouosha ubao hayamwagwi ovyo, kwa kuwa yamechukua maneno ya Mungu. Anayeijua kombe, zile aya zinazoandikwa kwa zafarani ndani ya sahani, zikaoshwa kwa maji na mgonjwa akayanywa, hatashangaa kusikia kwamba huko Sudan nako maji ya ubao hunywewa kama dawa. Na mtoto akifikia kituo fulani katika Kurani, ubao wake unapambwa kwa nakshi, naye anaupitisha kwa majirani wakamtunza.

Tukae hapa kidogo, kwa sababu wengi hupita mbio. Katika tawasifu fupi za wachoraji utakuta sentensi moja tu: alisoma chuo cha Kurani utotoni. Kisha mwandishi anarukia London. Lakini jiulize mkono wa mtoto yule ulikuwa ukizoea nini siku baada ya siku. Kalamu ya mtete hukatwa mshazari, kwa hiyo mstari wake mmoja una unene na wembamba kutegemea unaupeleka wapi, na mtoto anajua uzito wa mstari kabla hajaweza kuueleza. Ubao una weupe wake, na ule uwazi unaobaki kati ya maneno ni sehemu ya mwandiko. Ukiujaza ovyo, hausomeki. Wino ni mmoja, mweusi. Rangi ni zawadi, huja mwisho, siku ya kutunzwa. Maneno na nakshi hukaa juu ya kipande kimoja cha mti, na hapana anayewaambia watoto kwamba haya ni maandishi na yale ni mapambo, au kwamba moja ni elimu na jingine mchezo. Tena kila kilichoandikwa kitafutwa, huku chini yake, kwenye mishipa ya mti, wino wa jana ukibaki kwa mbali kama kivuli.

Nilisoma chuoni mimi pia, Tanga, na ninavyokumbuka, kitu cha kwanza kinachokupiga ukiingia si herufi bali kelele. Kila mtoto anasoma mahali pake, kwa sauti yake, wote kwa pamoja: huyu yuko Amma, yule yuko Tabaraka, wa tatu bado anahangaika na irabu. Mwalimu amekaa katikati na bakora yake na anamsikia kila mmoja. Kumbukumbu hiyo tuiweke pembeni, tutaihitaji.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 kijana aliingia Chuo cha Gordon mjini Khartoum, ambako Mwingereza Jean-Pierre Greenlaw alikuwa ameanzisha shule ya usanifu mwaka 1946. Sitakaa sana hapo. Ilikuwa shule changa ya kikoloni, na somo lake kwetu ni dogo: ilimwambia El-Salahi kwamba kuna kitu kinaitwa sanaa, kina mitihani yake, na kilele chake kiko London. Mwaka 1954 alipata ufadhili, akaenda huko huko kileleni, katika Shule ya Slade.

Slade inastahili maelezo, kwa sababu jina hilo litakufuata popote utakapokwenda katika uwanja huu. Ilianzishwa mwaka 1871 ndani ya chuo kikuu cha University College London, na tangu 1949 iliongozwa na William Coldstream, mchoraji aliyeamini katika kupima. Mwanafunzi husimama mbele ya mtu aliyekaa uchi, ananyoosha mkono wenye brashi, anafumba jicho moja, anapima umbali kutoka bega hadi kiuno, kisha anaweka alama ndogo kwenye kitambaa. Anapima tena. Picha za Coldstream mwenyewe zina vialama hivyo vya vipimo vikiwa wazi juu ya rangi. Ni kazi ya unyenyekevu mkubwa, na yeyote anayeidharau hajawahi kuijaribu. Ila ni dhahiri kwamba msingi wake ni kinyume cha ubao. Ubaoni umbo tayari lipo, limerithiwa, na mkono unalifuata. Kwa Coldstream umbo halipo mpaka jicho lilipime.

Mlango huo wa Slade walipita Waafrika wengine ambao majina yao sharti uyajue. Ben Enwonwu wa Onitsha, Nigeria, aliyezaliwa mwaka 1917, aliingia mwaka 1944, wakati shule ilikuwa bado imehamishiwa Oxford kwa sababu ya vita. Baba yake alikuwa mchonga vinyago, na mtoto alikulia kwenye vumbi la mbao. Sam Joseph Ntiro, mtu wa Machame, Kilimanjaro, aliyezaliwa mwaka 1923, alikuwa hapo kuanzia 1952 hadi 1955. Naye alikuwa amepitia Makerere, mikononi mwa Margaret Trowell, Mwingereza aliyeanza kuwafunza Waafrika kuchora mwaka 1937. Njia ya Trowell ilikuwa ya masimulizi: aliwaeleza wanafunzi tukio kwa maneno, soko, mavuno, kisa cha Biblia, kisha akawaacha walichore kama walivyoliona akilini. Kwa hofu ya kuwafanya waigaji, hakutaka kuwaanzishia kwa picha za Ulaya.

Hao wawili na El-Salahi walitoka Slade wakiwa na shahada inayofanana, na picha zao hazifanani hata chembe. Enwonwu alitoka na miili inayocheza, mirefu, ambayo hata ikiwa ya rangi ina ubapa na mikato ya kisu. Ntiro alitoka kama alivyoingia, na hilo nalisema kwa sifa. Vipimo vyote vya London havikumfanya aache kuuona mlima wake kutoka juu, kama mtu aliyesimama kwenye kigongo akitazama shamba zima kwa mara moja, watu wakilima pamoja, wote wakiwa na ukubwa unaokaribiana, kwa sababu katika msaragambo hapana mkubwa wala mdogo. Mwaka 1956 alichora wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Mwaka 1960 picha hiyo ilinunuliwa na Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York. Mmachame yeyote atakwambia ile ni mbege, na kwamba njia ile ya usiku haikuhitaji kupimwa kwa brashi.

Naomba uushike mfano huo kila utakapoambiwa kwamba fulani ni zao la shule fulani. Shule moja, wachoraji watatu, utoto wa aina tatu: vumbi la mbao, masimulizi ya mlimani, ubao wa khalwa.

Wa tatu ndiye aliyeisikiliza shule kuliko wote, kwa muda. El-Salahi alifanya bidii. Alijifunza kuchora mwili wa mtu, picha za sura, vyombo mezani. Alizunguka makumbusho ya London, akamtazama Cézanne, akatazama pia miswada ya Kiarabu katika Makumbusho ya Uingereza, jambo dogo ambalo wakati huo halikuonekana kuwa na uzito. Akiwa huko, tarehe 1 Januari 1956, Sudan ilipata uhuru. Aliondoka kwao nchi ikiwa koloni. Mwaka 1957 alirudi kwenye nchi yenye bendera yake, akaanza kufundisha, akaandaa maonyesho ya kazi zake katika Grand Hotel ya Khartoum, ukingoni mwa Nili.

Siku ya ufunguzi watu walikuja. Miaka mingi baadaye alisema walifuata soda. Siku zilizofuata hakuja mtu.

Hapa ndipo ninapotaka uweke alama kitabuni. Katika maisha mengi yaliyoandikwa, tukio kama hili hutajwa haraka ili mwandishi afike kwenye ushindi. Mimi naona ndicho kitovu cha miaka yote inayomjenga mchoraji huyu, kuliko Slade, kuliko tuzo yoyote. Ukumbi ule mtupu ulimwambia kwamba amejifunza lugha ambayo mama yake haisemi. Yeye mwenyewe ameeleza kwamba kwa kiasi cha miaka miwili alikwama. Alikuwa na umri wa miaka 27, mwalimu wa chuo, aliyesomea London, na mkono haukusogea. Alizunguka nchini. Alitazama nyumba za watu, akajiuliza ni nini wanachokiweka mahali pa heshima. Akakuta wana aya za Kurani ukutani, wana mikeka, vikapu na vibuyu vyenye nakshi, wana matandiko ya ngamia. Watu waliodhaniwa hawajali picha walikuwa wamezungukwa na maumbo tangu kuzaliwa. Yeye ndiye aliyekuwa amesahau kuyaona.

Basi akaanza kuandika maneno madogo ya Kiarabu kwenye pembe za picha zake, madogo kama stempu za barua. Watu wakasogea. Akayatandaza maneno katika picha yote, wakasogea zaidi. Kisha akafanya jambo ambalo baba yake, nadhani, asingelitarajia: akazivunja herufi, akitaka kujua ndani yake kuna nini. Yaliyotoka humo, kwa kauli yake, yalikuwa maumbo ya wanyama, ya watu na ya mimea. Mtu aliyekulia chuoni anaweza kulifanya jaribio hilo mwenyewe jioni ya leo. Irefushe alifu mpaka iwe shina la mti, au mtu mwembamba aliyesimama amejifunika. Igeuze nuni iwe bakuli, au pembe za ng'ombe, na nukta yake iwe jicho. Ifungue aini uone kinywa. Msemo wetu wa alifu na kijiti ulikuwa umelijua hilo zamani, ila ulikwenda upande mmoja tu, kutoka kijiti kuelekea herufi. El-Salahi alirudi kinyumenyume, kutoka herufi hadi kijiti.

Rangi nazo zilibadilika. Alizipunguza hadi zikabaki nyeusi, nyeupe, na zile za udongo wa Sudan, kahawia na manjano iliyoungua. Ni rangi za ubao, za wino na za ardhi iliyo chini ya miguu ya watoto wa khalwa. Usomaji huo ni wangu, na unaweza kunipinga. Lakini ukinipinga, nionyeshe kwingine zilikotoka.

Kati ya 1961 na 1965 alifanya picha kubwa ambayo leo iko mikononi mwa jumba la sanaa la Tate, London. Ina zaidi ya mita mbili na nusu kila upande, kwa rangi ya enameli na ya mafuta juu ya kitambaa cha pamba. Watu warefu kama vivuli, wenye nyuso zilizonyooka mithili ya vinyago, wanatujia kutoka kwenye ukungu, wengine wakiwa bado nusu hawajafika. Jina lake kwa Kiswahili lingekuwa Sauti Zilizozaliwa Upya za Ndoto za Utotoni. Mwaka 1964, baada ya kufiwa na baba yake, alichora nyingine, Sauti ya Mwisho, inayohusu roho inayoaga na dua zinazosomwa wakati huo; hiyo iko katika mkusanyo wa Barjeel, Sharjah. Sasa ichukue ile kumbukumbu ya kelele za chuoni tuliyoiweka pembeni. Mbona mtu wa macho anaziita picha zake sauti? Wahakiki wamezungumza sana kuhusu herufi katika kazi zake, na wana haki. Mimi naamini herufi zilikuja baadaye hata katika kumbukumbu. Kilichotangulia ni watoto wengi wanaosoma kwa pamoja, kila mmoja mahali pake, sauti juu ya sauti, na picha ile ya Tate imejazwa watu namna hiyo hiyo: hawatazamani, hawazungumzi wao kwa wao, lakini wote wanasema. Ukiipata nafasi ya kusimama mbele yake, jaribu kuisikiliza kabla ya kuitazama.

Lazima nitie tahadhari mbili, nisije nikawa nimekufungulia mlango mmoja na kukufungia mwingine.

Ya kwanza inahusu kumbukumbu. Mengi tunayoyajua kuhusu ubao, ukumbi mtupu na stempu za barua tumeyapata kwa El-Salahi mwenyewe, akiyasimulia akiwa mzee, katika mahojiano, hasa wakati wa maonyesho yake makubwa ya Tate Modern mwaka 2013. Mzee anayesimulia ujana wake ameshajua ulikoishia, kwa hiyo huyapanga matukio yaelekee huko. Simulizi lake linapaswa kuwekwa sambamba na kazi zenye tarehe: michoro ya mwishoni mwa miaka ya 1950, picha za mwanzo wa miaka ya 1960. Panapolingana, tushukuru. Pasipolingana pana utafiti wako.

Ya pili ni kubwa zaidi. Ubao ulikuwa ufunguo wa El-Salahi na wa wenzake kama Ahmed Shibrain, kundi tunaloliita Shule ya Khartoum. Si ufunguo wa Sudan nzima. Kamala Ibrahim Ishag, aliyehitimu Khartoum mwaka 1963 kisha akasoma London, hakuipata dunia yake kwenye herufi. Aliitafuta kwa wanawake, katika zari, ngoma ya pepo ambayo ina ndugu zake kuanzia Misri mpaka pwani yetu, wanawake wamekaa duara, mashetani yakipanda vichwani. Nyuso katika picha zake zimepindika kama zinavyoonekana ndani ya kioo kibovu. Na mwaka 1976, yeye na wenzake walitoa tamko la kundi lao, Wakristali, wakiipinga Shule ya Khartoum na hamu yake ya kurudi kwenye urithi. Tukisoma utoto wa wavulana wa khalwa peke yake, tutaandika historia ya nusu ya nyumba.

Nimekaa na Sudan muda mrefu katika kurasa hizi, na najua mwanafunzi wa Dar es Salaam au Mombasa ataniuliza kuhusu nyumbani. Nyumbani kazi ni nyingi mno. Mchukue Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 upande wa Tunduru. Alifanya kazi katika mashamba ya mkonge Tanga, akaja Dar es Salaam, akafanya vibarua vya kila namna, akaanza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya dari. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi, kwa makosa. Miaka aliyochora haizidi mitano. Miaka iliyomtengeneza ni zaidi ya 30. Lakini tazama tulivyoandika: kurasa chungu nzima kuhusu ile mitano, na aya moja moja kuhusu 30. Wataalamu wanabishana kama wanyama wake walitoka kwenye kuta za nyumba za kusini alikokulia, au kwenye picha za Wakongo zilizokuwa zikiuzwa mjini siku hizo. Ubishi huo hautamalizwa kwa kubishana. Utamalizwa, kama utamalizwa, na mtu atakayekwenda Tunduru na daftari, akakaa na wazee wanaokumbuka kuta hizo zilichorwa na nani, msimu gani, kwa udongo wa wapi.

Ndiyo maana zoezi la kwanza ninalowapa wanaojiunga nasi halihusu mchoraji yeyote. Nawaambia warudi nyumbani kwao wakamwombe bibi au babu awaonyeshe kitu cha zamani zaidi chenye mstari au nakshi ambacho mikono ya nyumba hiyo ilikigusa kila siku: kawa, mkeka, kibuyu, kanga ya harusi, mlango, mbuzi ya kukunia nazi. Wakitazame kwa saa nzima. Wakichore, hata kama mkono unatetemeka. Waulize nani alikitengeneza, kwa rangi iliyopatikana wapi, na mtoto gani alikuwa akikaa karibu kutazama.

Mwaka fulani msichana mmoja alirudi na ubao wa chuo wa babu yake, umefungwa kwenye kipande cha kanga. Ulikuwa umeoshwa mara zisizohesabika na wino haukuwa na nguvu tena. Tuliupeleka dirishani, tukauinamisha kidogo upate jua la upande. Zikaanza kuonekana, herufi chini ya herufi, mistari ya mikono tofauti, na pembezoni kabisa, mahali ambapo hapakupaswa kuandikwa kitu, mtoto fulani alikuwa amechora jahazi.